NANI ATAIHOJI MASHINE? Kompyuta na Mahusiano ya Watu Kazini

UTANGULIZI

Mwananchi anayekwenda ofisini siku hizi kufuatilia haki yake hujibiwa mara nyingi kwa maneno mawili tu: "Mfumo haukubali." Zamani aliambiwa mkubwa hayupo, au jalada halionekani. Majibu yale ya zamani yalikuwa mabaya, lakini mkubwa aliweza kusubiriwa mpaka arudi, na jalada liliweza kutafutwa. Mfumo hausubiriwi wala hautafutwi. Hauna kiti wala jina, na mtumishi aliyeketi mbele ya kioo chake husema kwamba yeye naye hana la kufanya.

Makala haya yanakusudia kueleza kinachotokea ndani ya chombo cha watu wakati kazi yake inapohamishiwa katika kompyuta. Hoja yetu ni moja. Zana mpya haiji na mahusiano mapya. Huyakuta mahusiano yaliyomo, yawe ya haki au ya dhuluma, na kuyapa nguvu. Kwa sababu hiyo kada hawezi kutosheka na kuuliza kama mashine ni nzuri au ni mbaya. Inampasa aulize hivi: katika chombo hiki, nani anaweza kuihoji mashine na akajibiwa?

1. NINI MAANA YA TEKNOLOJIA YA KIDIJITALI KATIKA CHOMBO?

Hapana budi tuelewane kwanza juu ya maneno. Tunaposema chombo tuna maana ya watu waliojipanga kufanya kazi kwa kugawana madaraka: chama cha ushirika, wizara, shirika la umma, hospitali, shule, chama cha siasa. Tunaposema teknolojia ya kidijitali tuna maana ya zana zinazogeuza habari za kila namna, yaani maandishi, fedha, uzito, picha na sauti, kuwa tarakimu ili mashine iweze kuzitunza, kuzikokotoa na kuzisafirisha.

Ndani ya chombo zana hizo hufanya kazi tatu. Kwanza, hutunza kumbukumbu. Pili, hukokotoa. Tatu, na hapa ndipo penye siasa, huamua. Huruhusu malipo au huyazuia, hulikubali jina au hulikataa, husema hesabu imelingana au imepungua.

Tuchukue mfano wa daftari. Karani wa zamani alipopokea fedha aliandika stakabadhi kwa karatasi ya kaboni. Nakala moja alipewa mlipaji, nyingine ikabaki kitabuni. Palipotokea ugomvi, kila upande ulikuja na karatasi yake mkononi. Karani aliweza kuiba, na mlipaji aliweza kudanganya, lakini hakuna aliyeshika ushahidi wote peke yake. Kumbukumbu zinapohamia katika mashine iliyo mbali, karani na mlipaji wote wawili hubaki na kioo. Huona kile wanachoruhusiwa kuona. Kilicho nyuma ya kioo kinashikwa na mtu mwingine ambaye pengine hawajapata kumwona. Haya ni mabadiliko ya mamlaka, ingawa huletwa kwa jina la mabadiliko ya vifaa.

2. FUNDISHO LA NYUMBANI, 1965 HADI 1974

Wako wanaodhani kwamba suala hili ni geni kwetu. Sivyo. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine na kuitwa ICL. Msomaji aliweke jina hilo akilini, maana tutakutana nalo tena.

Kazi ya hesabu za Serikali ilipohamishiwa katika kompyuta ilileta matatizo makubwa. Watu wetu wenye ujuzi wa mashine hizo walikuwa wachache sana, na nchi ililazimika kuwategemea wageni. Mwaka 1974 ilitolewa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Baadaye amri hiyo ililegezwa, na leo hakuna anayependekeza irudishwe.

Je, amri ile ilikuwa sahihi? Tuipime kwa haki. Iliona jambo moja la kweli: chombo kinachotumia zana ambayo hakiielewi hakitawali zana hiyo, bali hutawaliwa na mwenye kuielewa. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuutibu ugonjwa. Kuikataa zana hakumfundishi mtu kuitawala. Siku ilipokuja tena, na haikuwa na budi kuja, ilitukuta tukiwa wanunuzi vilevile. Kosa la kuikumbatia mashine bila kuuliza na kosa la kuikimbia bila kujifunza ni ndugu wawili. Yote mawili humwacha mfanyakazi wa kawaida bila uwezo wa kuihoji.

3. FUNDISHO LA UINGEREZA: MAWAKALA WA POSTA

Ili tuone mambo haya yanavyokwenda mpaka mwisho wake, tutazame nchi yenye wataalamu wengi na mahakama za miaka mingi. Msomaji asidhani kwamba ubovu wa mfumo ni ugonjwa wa nchi maskini.

Nchini Uingereza ofisi nyingi za posta za vijijini na mitaani huendeshwa na mawakala wa mkataba. Wakala huwa na duka lake, na ndani ya duka hilo kuna dirisha la posta. Wazee huja pale kuchukua pensheni, wengine hununua stempu, wengine huweka akiba. Wakala ni mtu anayefahamika kijijini na kuaminiwa. Mkataba wake ulimtaka afidie hasara iliyotokana na uzembe au kosa lake mwenyewe. Shirika la Posta, ambalo ni mali ya Serikali ya nchi ile, liliufasiri mkataba huo kana kwamba wakala alipaswa kufidia upungufu wowote ule.

Mwaka 1999 Shirika lilianza kusambaza katika ofisi zake mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Uliundwa na ICL, ileile tuliyoitaja, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa mali ya kampuni ya Kijapani ya Fujitsu. Daftari la karatasi likaondoka. Kila jioni na kila mwisho wa kipindi cha hesabu, Horizon ndiyo iliyosema fedha zilizopaswa kuwamo katika sanduku.

Mawakala wakaanza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Baadaye mahakama ilithibitisha kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo. Mfano mmoja ni hitilafu iliyopewa jina la kijiji cha Dalmellington huko Uskoti. Wakala alipopokea fedha kutoka ofisi nyingine, ukurasa ulikwama katika kioo. Alipobonyeza tena kitufe ili uendelee, mashine iliandika kwamba amepokea fedha zilezile mara ya pili, na ya tatu, kwa kadiri alivyobonyeza. Sandukuni fedha zilikuwa zilezile, bali katika hesabu ziliongezeka. Tofauti ikawa deni la wakala.

Wakala alifanya nini alipoona upungufu? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mfumo ulimpa nafasi ya kulipa papo hapo, au nafasi ya kuipeleka hesabu makao makuu ili ikalipwe huko. Haukumpa mahali pa kusema: sikubali. Ilimlazimu apige simu ya msaada. Lee Castleton, wakala wa mji wa Bridlington, alipiga simu hiyo mara 91. Shirika lilimshitaki kwa madai, mahakama ikampa ushindi Shirika mwaka 2007, na mzigo wa gharama za kesi, zaidi ya paundi 300,000, ukamfilisi kabisa.

Jo Hamilton wa kijiji cha South Warnborough alieleza jinsi upungufu wa paundi 2,000 ulivyoongezeka maradufu mbele ya macho yake, wakati akifuata maelekezo ya mtu wa simu ya msaada. Alikubali kosa la kuandika hesabu zisizo za kweli ili aondolewe shitaka la wizi. Kosa lenyewe lilitokana na mtego wa mashine. Wakala asiyeikubali hesabu hakuweza kuingia katika kipindi kipya na kuendelea na biashara, na aliyesaini kwamba hesabu imelingana alihesabiwa kuwa amesema uongo. Seema Misra alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Wengi waliuza nyumba na kukopa kwa jamaa kulipa fedha ambazo hazikupotea. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa umma, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo.

Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotegemea Horizon, wengi wao katika kesi zilizofunguliwa na Shirika lenyewe, ambalo lilikuwa na uwezo wa kushitaki bila kupitia polisi. Sheria nayo ilisaidia. Kabla ya hapo, kifungu cha sheria ya mwaka 1984 kilimtaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mwaka 1999, mwaka uleule Horizon ilipoanza kusambazwa, Bunge lilipitisha sheria ya kukifuta kifungu hicho. Kuanzia mwaka 2000 mahakama zikachukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe kinyume. Lakini wakala wa kijijini angethibitishaje kinyume, hali rekodi zote za hitilafu zilikuwa kwa Shirika na kwa Fujitsu?

4. UCHAMBUZI

Tukitazama kwa juu juu tutasema kwamba mashine ilikuwa na kasoro. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Kila mashine ina kasoro. Kilichogeuza kasoro ya mashine kuwa kifungo cha mtu ni mahusiano yaliyokuwamo ndani ya chombo. Tuyatazame kwa upande wa jamii, wa maadili na wa utamaduni.

(a) Upande wa jamii. Kila wakala aliyelalamika aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye matatizo hayo. Neno hilo ndilo silaha kubwa kuliko zote. Wakulima kumi wakisimama mbele ya mizani moja mbovu, kila mmoja humwona mwenzake akipunjwa. Mfumo wa kompyuta humweka kila mtu peke yake na kioo chake. Kosa lililo moja kwa wote huonekana kuwa aibu ya mtu mmoja, na mwenye aibu hujificha. Mashine iliyosifiwa kwa kuunganisha ofisi zote za nchi iliwatenganisha watu waliofanya kazi katika ofisi hizo.

(b) Upande wa maadili. Katika chombo chochote, anayetoa uamuzi anabeba dhamana ya uamuzi huo. Mfumo wa kompyuta huikata dhamana vipande vipande. Mtu wa simu ya msaada alisoma maelekezo aliyopewa. Mkaguzi alitegemea tarakimu. Mwanasheria alitegemea mkaguzi. Mkurugenzi aliwategemea wote. Ukimuuliza kila mmoja, alitimiza wajibu wake, lakini mtu asiye na hatia yuko gerezani. Wakati huohuo mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali, jambo ambalo Shirika lilikana kwa miaka mingi. Richard Roll, aliyepata kuwa fundi huko, ndiye aliyetoka hadharani na kulisema, na baadaye akalitolea ushahidi mahakamani. Kwa hiyo ukweli ulijulikana na watu wa chini waliokuwa karibu na mashine, bali haukuwa na njia ya kupanda juu, kwa sababu waliokuwa juu hawakupenda kuusikia.

(c) Upande wa utamaduni. Kuna kasumba moja ya siku hizi, nayo ni kuamini kwamba tarakimu haina upande. Neno la mtu huhojiwa, bali karatasi iliyotoka katika mashine hupokewa kama ushahidi wa mbinguni. Wakala aliyekuwa na sifa njema kwa miaka ishirini alionekana mwizi kwa siku moja, kwa sababu sifa njema haina mahali pa kuandikwa katika mfumo. Dharau nayo haikuwa mbali. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba wachunguzi wa Shirika waliwahi kutumia waraka wa kuwaainisha watuhumiwa kwa rangi na asili, wenye maneno ya kibaguzi ya enzi za ukoloni. Chombo kinachojidai kutegemea tarakimu tupu kilikuwa na macho yake ya zamani yaleyale.

Sikiliza pia lugha yetu wenyewe. Twasema mfumo umekataa, mfumo umegoma, mfumo haujamtambua. Tumeipa mashine nia na maamuzi, na kwa kufanya hivyo tumemsahau aliyeiamuru ikatae. Hapo zamani urasimu wa ofisi zetu tuliuita umangimeza, na kila mtu alielewa kwamba nyuma ya meza ameketi mtu. Umangimeza wa leo ni mgumu zaidi kupigwa vita, kwa kuwa meza iko wazi na mangi hayupo.

5. JE, KUMILIKIWA NA UMMA KUNATOSHA?

Swali hili ni zito kwa wasomaji wetu, nalo halifai kukwepwa. Shirika lile lilikuwa mali ya umma. Mbia wake alikuwa Serikali, na mawaziri wa vyama mbalimbali walipita katika wizara iliyolisimamia. Hata hivyo dhuluma iliendelea kuanzia mwaka 1999 hadi 2015.

Tunajifunza nini? Kumiliki na kutawala ni mambo mawili. Umma uliimiliki hisa, bali mashine ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi kwa mkataba, na menejimenti ilikuwa na hamu ya kulinda jina la mfumo uliogharimu fedha nyingi. Kukiri kasoro moja kungetilia mashaka kesi zote zilizokwisha kuamuliwa. Kwa hiyo kadiri watu wengi zaidi walivyofungwa, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kusema kweli. Hapa kuna mgongano wa dhahiri kati ya maslahi ya chombo na shabaha iliyokifanya chombo hicho kiundwe. Mgongano huo hauondolewi na hati ya umiliki. Huondolewa na watu walio chini wanapokuwa na uwezo wa kuhoji.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na ukandamizaji, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwahoji mameneja wao. Walijua wa kumhoji, naye alikuwa na uso na ofisi. Meneja wa leo anaweza kuwa mpole na mwenye heshima, akasikitika pamoja na mfanyakazi wake, kisha akasema kwamba mfumo ndio ulioamua. Majivuno yamehamia katika mashine, na ukandamizaji unabaki ukandamizaji.

6. MAWAKALA WALISHINDAJE?

Alan Bates alikuwa wakala huko Llandudno, Wales. Alikataa kuukubali upungufu ambao hakuna aliyeweza kumweleza ulikotoka, na mwaka 2003 Shirika likavunja mkataba wake. Mwaka 2009 gazeti la Computer Weekly lilichapisha habari za mawakala saba, na katika mwaka huohuo Bates na wenzake walikutana katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Siku ile kila mmoja aligundua kwamba hakuwa peke yake. Chama chao kilizaliwa hapo.

Ilichukua miaka kumi. Wadai 555 walifungua kesi ya pamoja, na Desemba 2019 Jaji Peter Fraser aliamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu na haikuwa ya kutegemewa kama Shirika lilivyodai. Shirika lilikubali kulipa paundi milioni 57.75, lakini sehemu kubwa ilimezwa na gharama za kesi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39. Januari 2024 mchezo wa televisheni juu ya mkasa huo uliwaamsha wananchi wengi, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Tuzingatie kwamba kompyuta nyingine haikuwaokoa watu hawa. Waliokolewa na ukumbi wa kijiji, kumbukumbu za karatasi walizozitunza, gazeti, fundi mwenye dhamiri, na umoja wao. Ilikuwa mikutano ya watu.

7. HALI YETU

Haifai mtu atoke katika makala haya akidhani kwamba kompyuta ni adui. Malipo ya Serikali kwa namba ya malipo yameondoa fedha taslimu katika mikono mingi iliyozoea kuzipunguza njiani. Simu imemfikishia fedha mtu asiyepata kuingia benki maishani mwake. Haya ni maendeleo ya kweli, na anayeyabeza hajui foleni za zamani.

Lakini hatari tuliyoieleza iko mlangoni. Katika darasa moja nililofundisha, mwanafunzi mmoja, katibu wa chama cha msingi cha ushirika, alitusimulia habari za mkulima ambaye kilo zake za korosho ziliingizwa kwa makosa katika namba ya mtu mwingine. Katibu alipokwenda kuomba marekebisho aliambiwa kwamba mfumo ukishafungwa haufunguki. Mkulima akaanza kuonekana mzushi mbele ya wenzake. Alichomwokoa ni kaunta buku. Karani wa mizani, mzee aliyechekwa kwa ushamba, alikuwa ameendelea kuandika kila mzigo kwa kalamu, na mkulima alikuwa amesaini. Kwa daftari hilo mfumo ulifunguka. Nikawauliza wanafunzi: ikiwa ulifunguka kwa daftari, kwa nini tuliambiwa haufunguki? Darasa lilinyamaza kwa muda. Kisha mmoja akajibu, "Mwalimu, haukuwa mfumo uliokataa. Alikuwa mtu."

Sheria zetu zimefungua njia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini inataka kuangaliwa pia uaminifu wa njia zilizotumika kuziandaa na kuzitunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake. Hata hivyo haki iliyo katika kitabu haijitekelezi. Inamngoja mtu anayeijua na aliye tayari kuidai.

8. WAJIBU WA KADA

Kada aliye katika ushirika, halmashauri, shirika au tawi afanye nini? Tunapendekeza mambo sita.

Kwanza, ahakikishe kwamba kila mfumo una mahali pa kusema "sikubali". Na mtu aliyesema hivyo asihesabiwe mdaiwa wala mwizi mpaka suala lake lichunguzwe.

Pili, kila anayehusika na muamala abaki na ushahidi mkononi mwake, uwe karatasi au ujumbe wa simu, usioweza kubadilishwa na upande mmoja peke yake.

Tatu, chombo kisinunue mfumo bila mkataba unaokipa haki ya kuiona orodha ya hitilafu zilizogunduliwa, na kujua nani ameingia katika kumbukumbu zake, lini, na kubadili nini. Mkataba unaoficha mambo hayo ni mkataba wa kujiuza.

Nne, kila uamuzi wa mashine uwe na mtu mwenye jina anayewajibika nao. Jibu la "mfumo umekataa" likubaliwe tu kama linafuatwa na maneno haya: na mwenye uwezo wa kuurekebisha ni fulani, anapatikana mahali fulani.

Tano, malalamiko yakusanywe pamoja na kusomwa katika mikutano. Mtu akiambiwa ni yeye peke yake, kada aulize hadharani: nani mwingine? Swali hilo la maneno mawili lingewaokoa mamia ya mawakala wa Uingereza.

Sita, tujifunze. Si lazima kila kada awe fundi wa programu, kama isivyo lazima kila mkulima awe fundi wa mizani. Lakini mkulima anajua mizani inavyosimama sawa kabla ya mzigo kuwekwa, na asipoiona imesimama sawa hapimi. Ujuzi wa kiasi hicho juu ya kompyuta ni haki ya kila mwanachama.

HITIMISHO

Mashine haina nia mbaya wala njema. Hutekeleza mahusiano tuliyoyaweka ndani yake, kwa kasi na kwa wingi ambao karani wa zamani asingeweza. Mahali ambapo mnyonge hakusikilizwa zamani, kompyuta itamnyamazisha upesi zaidi. Mahali ambapo watu wamezoea kuulizana na kujibizana, itawasaidia kuulizana vizuri zaidi. Kazi ya kisiasa inabaki ileile ya siku zote, kumpa mtu wa chini uwezo wa kusema na akasikilizwa. Siku mwananchi atakapofika dirishani, akaambiwa mfumo haukubali, naye akauliza kwa utulivu, "Aliyeuamuru ni nani, nami nitamwona wapi?" na akajibiwa, hapo ndipo tutakuwa tumeanza kuitawala zana hii.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika chombo unachokitumikia, taja uamuzi mmoja unaotolewa na kompyuta. Nani mwenye uwezo wa kuubadili?

2. Kwa nini umiliki wa umma peke yake haukuwalinda mawakala wa posta wa Uingereza?

3. Linganisha marufuku ya kompyuta ya mwaka 1974 na tabia ya leo ya kununua mifumo bila kuuliza. Makosa hayo mawili yanafanana wapi?

4. Karani wa mizani aliyeshika kaunta buku alichekwa kwa ushamba. Je, alikuwa akipinga maendeleo? Toa sababu.